CD4 imeshuka, virusi havionekani: niamini kipi?

SWALI: Daktari, naishi na VVU na huu ni mwaka wa sita natumia ARV. Mwaka jana CD4 yangu (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) ilikuwa 640, safari hii imekuja 530. Kwenye wingi wa virusi wameandika "havionekani". Sipati usingizi. Je, dawa zimeanza kugoma? Jamaa yangu ananishauri nitafute kipimo cha beta-2 maikroglobulini, protini fulani ya kwenye damu.

JIBU: Pole sana, dada yangu. Dawa hazijagoma, na ushahidi uko kwenye karatasi hiyo hiyo iliyokutisha. Anayetaka kujua kama ARV zinafanya kazi huangalia wingi wa virusi, yaani nakala ngapi zimo katika mililita moja ya damu. Asiyetumia dawa anaweza kuwa na laki moja na zaidi; zako ni chache mno hata mashine haizioni. Dawa zikigoma, namba hiyo ndiyo hupanda kwanza, CD4 hufuata baadaye. (Kutoonekana si kuisha, virusi vimejificha tu, kwa hiyo endelea kumeza kila siku.)

CD4 yenyewe haitulii. Asubuhi huwa chini, jioni hupanda. Mafua ya wiki iliyopita huishusha, dawa za steroidi pia. Wagonjwa wangu wenye afya njema kabisa hupishana hata mia moja kati ya kipimo na kipimo, na kila mara wananijia na hofu kama yako. Asiye na VVU huwa kati ya 500 na 1,500 hivi, nawe umo humo. Safari ijayo omba wakusomee na asilimia ya CD4, yaani sehemu yake kati ya chembe nyeupe za damu aina ya limfosaiti, maana hiyo haiyumbi sana, na utolewe damu saa ile ile.

Beta-2 maikroglobulini ilitumika kabla kipimo cha wingi wa virusi hakijaenea miaka ya 1990. Huonyesha tu kwamba kinga imechachamaa, na hupanda hata figo zikiwa na shida. Usiihangaikie.

Ningeshtuka wingi wa virusi ungevuka 1,000. Hapo tungezungumza kwanza unavyomeza dawa, turudie kipimo baada ya miezi mitatu hivi, ndipo tufikirie kubadili. Nakala 70 au 80 zikitokea mara moja zikapotea, hazinisumbui. CD4 ikiwa chini ya 200 ni jambo jingine: hapo magonjwa nyemelezi hupata mwanya, na tunaongeza kotrimoksazoli, dawa ya kuyakinga. Wewe uko mbali na huko.