Ada ya hiari au kodi ya zimamoto? Swali kutoka vijijini Tennessee

Swali: Tumehamia katika nyumba iliyo nje ya mipaka ya mji, jimboni Tennessee, Marekani. Zimamoto ya mji jirani huwahudumia huku wale tu waliolipa ada ya dola 75 kwa mwaka. Sasa kaunti inapendekeza kuifuta ada hiyo na kumtoza kila mwenye mali kodi ya zimamoto. Majirani wengi wanapinga. Je, tutalipa zaidi, na bima ya nyumba yetu itaguswa?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kuingia katika hesabu, inafaa ujue kwamba sheria za Tennessee zinairuhusu kaunti kuanzisha huduma ya zimamoto lakini haziilazimishi. Aliyekulia Tanzania, ambako Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni chombo cha serikali kuu, hupata taabu kuamini kwamba mtu anaweza kupiga simu ya dharura, simu ikapokelewa, na bado pasiwe na kikosi chenye wajibu wa kisheria wa kuuzima moto wake. Mji una wajibu kwa wakazi wake wanaoulipa kodi. Wewe uliye nje ya mpaka unahudumiwa kwa makubaliano, na kwa sasa makubaliano yenyewe ni hiyo ada.

Hatari ya mpango huo ilionekana wazi mwezi Septemba 2010 katika Kaunti ya Obion, kaskazini-magharibi mwa jimbo lenu. Nyumba ya mkazi ambaye hakuwa amelipa dola 75 iliungua hadi chini, na askari wa zimamoto wa mji wa South Fulton walifika pale moto ulipotishia mali ya jirani aliyelipa, wakalinda upande wa jirani na kuiacha nyumba iteketee, ingawa mwenyewe alikuwa tayari kulipa papo hapo. Mwaka uliofuata jambo kama hilo likatokea tena, na mwaka 2012 mji ukabadili utaratibu: moto wa asiyelipa uzimwe, kisha adaiwe dola 3,500. Ninawaelewa waliotunga utaratibu wa kwanza, kwa sababu mtu akiruhusiwa kulipa ada siku ya moto, hakuna atakayelipa kabla yake, na gari, mafuta na mafunzo hugharimiwa mwaka mzima, moto uwepo usiwepo. Lakini mpango unaomweka askari mahali pa kutazama nyumba ikiungua ni mpango mbovu, nami nasema hivyo bila kusita.

Sasa hesabu. Nyumba ya kuishi Tennessee hutozwa kodi kwa asilimia 25 ya thamani yake, na kiwango cha kodi hutajwa kwa kila dola 100 za sehemu hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba yenu ina thamani ya dola 240,000: sehemu inayotozwa ni dola 60,000, na kiwango kikiwa senti 15 kwa kila dola 100, mtalipa dola 90, yaani dola 15 zaidi ya ada ya sasa. Wekeni tarakimu zenu na kiwango kinachopendekezwa na kaunti, mtapata jibu lenu. Faida ambayo wengi hawaioni ni kwamba mwenye mkopo wa nyumba, ambaye benki humkusanyia kodi pamoja na marejesho ya kila mwezi, kwa kawaida atalipiwa kodi ya zimamoto kwa njia hiyohiyo, ilhali ada ya hiari humtegemea yeye mwenyewe aikumbuke. Nimekutana na familia zaidi ya moja zilizoamini kwamba benki imelipa, kumbe ada haikuwahi kulipwa.

Kuhusu bima, kampuni nyingi hutumia madaraja ya ISO (Insurance Services Office, taasisi ya Marekani inayopima ulinzi wa moto wa kila eneo kwa ajili ya kampuni za bima), kuanzia 1 lililo bora hadi 10 la eneo lisilo na ulinzi unaotambuliwa. Nyumba iliyo umbali wa zaidi ya maili 5 za barabara kutoka kituo cha zimamoto kwa kawaida huwekwa daraja la 10, na iliyo ndani ya maili hizo hutazamwa pia kama ina bomba la maji ya zimamoto ndani ya futi 1,000. Mahali penye ada ya hiari, asiyelipa anaweza kuhesabiwa daraja la 10 hata akiwa karibu na kituo. Kodi ya wote huondoa mashaka hayo, na kwa nyumba iliyo karibu, punguzo la bima linaweza kuzidi ongezeko la dola 15. Msitegemee pia kwamba bima italipa deni la kuzimiwa moto, kwa maana mikataba mingi ya kawaida huweka kikomo cha dola 500 kwa gharama hiyo, nayo ni ndogo sana mbele ya dola 3,500.

Pingamizi la majirani ninalolipa uzito ni la aliye mbali. Mwenye nyumba maili 8 kutoka kituoni atalipa kodi ileile na daraja lake la bima halitasogea. Kwa hiyo kwenye kikao cha kaunti msiulize kiwango peke yake. Ulizeni kama maeneo yatatozwa kulingana na huduma yanayopata, kama fedha hizo zitajenga kituo cha pili au zitanunua boza la maji kwa sehemu zisizo na mabomba, na kama askari wa kujitolea, ambao ndio wengi vijijini Marekani, wataweza kukidhi kipimo cha taifa cha watu 6 kufika ndani ya dakika 14 katika asilimia 80 ya matukio. Majibu yaingizwe katika kumbukumbu za kikao. Na hadi uamuzi utakapoanza kutumika, lipeni ada ya mwaka huu, mwombe stakabadhi, na nakala yake mwipelekee kampuni yenu ya bima.