Re: Kamera ya kawaida inaweza kupima muda wa floresensi?

Mkuu umeuliza kama hiyo kamera ya CMOS iliyoko kwenye hadubini yako inaweza kupima muda wa floresensi, yaani kemikali ya rangi inayong'aa inaendelea kuwaka kwa muda gani baada ya kupigwa na leza. Kwa kifupi haiwezi, hata uiseti vipi. Floreseini, moja ya hizo rangi zinazong'aa, kwenye maji yenye alkali inazimika kwa wastani wa nanosekunde 4 hivi, na kwa nanosekunde 1 mwanga wenyewe unakuwa umetembea sentimita 30 tu, rula ya shule ile, sasa shata ya kamera yako inahesabu mikrosekunde, kila moja ni nanosekunde elfu, si ushachelewa kitambo.

Zamani walikuwa wanaweka intensifaya, yaani kikuza mwanga, mbele ya kamera, dude la volti maelfu, ukilizidishia mwanga limeungua. Siku hizi kuna sensa ambazo kila pikseli ina vindoo viwili vya chaji, mwanga wa leza unapanda na kushuka tuseme mara milioni 40 kwa sekunde na pikseli inabadilisha ndoo kwa mdundo huohuo, unapiga picha kadhaa halafu unalinganisha ndoo ipi imejaa zaidi, hapo ndo unajua mwanga umechelewa kiasi gani. Floreseini kwa megahezi 40, ndo hizo mara milioni 40, itachelewa kama nyuzi 45 hivi kati ya 360 za mdundo mmoja, kalibreti nayo kwanza, mi sianzagi na sampuli yenyewe hata siku moja.

Sensa za SPAD nazo zipo, zinahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja, tamu sana kwa sampuli hafifu ila diski itajaa balaa.