Muulize Fundi: Balansi mara tatu, usukani bado unatetemeka

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Fielder ya 2010. Mwezi uliopita nilinunua rimu za aloi za mtumba, inchi 16, pale Kirinyaga Road. Nati zote tano ziliingia bila shida, lakini nikifika 90 kwenye Thika Road usukani unatetemeka hadi viganja vinawasha. Nimefanya balansi ya magurudumu mara tatu na kila mara mashine inaonyesha sufuri. Naibiwa?
Mama Wawili, Roysambu

JIBU: Mama Wawili, huibiwi. Mashine ya balansi hushika rimu kwa tundu la katikati, kwa koni inayoiweka sawasawa. Gari lako halina koni hiyo. Lina habu, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ya milimita 54.1, na rimu nyingi zisizo za kampuni ya gari hutobolewa 73.1 ili zivalishwe magari ya kila aina. Hiyo ni nafasi ya milimita 9.5 kila upande! Nati kuingia kunaonyesha tu kwamba duara la stadi (boliti zinazoshika nati), milimita 100, limelingana. Rimu ikikazwa huku imeshuka kidogo, inazunguka kama jiwe la kusagia lililotobolewa kando.

Unachohitaji ni ringi za katikati, za kujaza nafasi hiyo: nje zilingane na tundu la rimu, ndani 54.1. Usinunue kwa kukadiria, pima kwa vania, kile kipimo cha milimita chenye taya. Niliwahi kuletewa Toyota iliyovalishwa ringi za Subaru, 56.1. Mwenyewe alihesabu milimita mbili si kitu, lakini mtetemo ulikuwa umepungua tu, haujaisha. Za plastiki zinatosha mjini. Kama unateremka Mai Mahiu mara kwa mara, ambako breki hupata moto sana, chukua za aluminiamu na uzipake grisi kidogo zisigande kwenye habu.

Kabla ya kuzivalisha, habu isuguliwe kwa brashi ya waya. Kipande cha kutu kikibaki nyuma ya rimu, hailali sawa hata ukiwa na ringi nzuri.

Halafu angalia nati zako, maana hapa ndipo ninapoogopa. Aloi za Toyota zenyewe hutumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za kununua zina kiti, yaani pale nati inapokaa, cha koni, digrii 60. Nati bapa kwenye kiti cha koni hugusa ukingoni tu, kisha hulegea. Gurudumu likichomoka kwenye Thika Road halimchagui wa kumgonga. Tafadhali lihakikishe hili leo, kabla hata ya kutafuta ringi.

Wakati wa kufunga, gari likiwa juu ya jeki, nati zianzwe kwa vidole, zikazwe kwa kuvukavuka kama nyota, kisha gari likishuka zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 103. Usikubali bunduki ya upepo imalize kazi. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, rudi zikazwe tena kwa kipimo hicho hicho, hata kama usukani umetulia.