Maswali Yenu: Balozi wa Japani Aliyekuwa Jaji wa Bahari

SWALI: Ninafundisha sekondari Mikindani. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba Shunji Yanai wa Japani alikuwa balozi kabla ya kuwa jaji wa kimataifa. Wanauliza: mtu ambaye hakupanda ngazi za uhakimu anahukumuje mataifa?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyopo Hamburg, zinataka mtu mwadilifu na bingwa wa sheria ya bahari. Hazidai awe amewahi kuwa hakimu.

Yanai, aliyezaliwa 1937, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Tokyo, akaingia Wizara ya Mambo ya Nje 1961. Watu hukumbuka ubalozi wake Marekani, 1999 hadi 2001. Sisi tunaona kilichomjenga zaidi ni kuongoza idara ya mikataba. Huko neno hupimwa kabla nchi haijatia saini: ukiandika "itaruhusu", nchi imefungwa, ukiandika "inaweza kuruhusu", imebaki na hiari. Jaji wa mataifa hushughulika kutwa na maneno hayohayo.

Alianza ujaji 1 Oktoba 2005, siku moja na James Kateka wa Tanzania, naye mwanadiplomasia. Majaji wenzake wakamchagua rais, 2011 hadi 2014.

Wasomee darasani shauri la Libertad. Oktoba 2012 meli hiyo ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina ilizuiwa bandari ya Tema, Ghana, kwa ombi la kampuni iliyokuwa ikiidai Argentina. Mahakama ya Accra ilisoma masharti ya hati fungani, yaani hati za deni hilo, ikaona Argentina ilikwisha kuiacha kinga yake, yaani haki ya mali ya nchi kutokamatwa na mahakama za nchi nyingine. Hapo ndipo palipoharibika, kwani kinga ya meli ya kivita haipotei kirahisi kwa maneno ya jumla ya mkataba wa deni. Tarehe 15 Desemba, Yanai akiwa rais, majaji wote wa Hamburg waliamuru meli iachiwe mara moja bila masharti, na iruhusiwe kupakia mahitaji ya safari.

SWALI: Binti yangu anasoma sheria na anapenda njia hiyo ya ujaji wa bahari. Aombe wapi? Na akiwa na hisa za kampuni ya gesi?
Mzazi, Lindi

JIBU: Mzazi wetu, haombi mwenyewe, nchi ndiyo humpendekeza. Angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, Msajili wa Mahakama huziandikia nchi wanachama, nazo hupewa miezi miwili kuleta majina, yasiyozidi mawili kwa kila nchi. Kura ni ya siri, na mshindi anahitaji theluthi mbili za nchi zilizohudhuria na kupiga kura. Majaji ni 21, kila mmoja kwa miaka 9, na kila kundi la kanda katika Umoja wa Mataifa lina majaji wasiopungua watatu. Kwa hiyo binti aingie mapema kwenye kazi ya mikataba serikalini, ajulikane kwa maandishi yake.

Kuhusu hisa, hapo hakuna mjadala. Jaji haruhusiwi kuwa na maslahi ya kifedha katika kampuni inayotafuta au kuchimba rasilimali za bahari, wala kushika cheo cha siasa au cha utawala. Kuwahi kuwa wakili wa kampuni ya gesi hakumzuii kuchaguliwa, ila shauri alilowahi kulitetea hatalisikiliza.