Anza Metafizikia kwa Swali Moja

Mtu akiniuliza aanzie wapi kusoma metafizikia, yaani tawi la falsafa linalochunguza ni mambo gani yaliyopo na kuwepo kwenyewe ni nini, simshauri aanze na historia ya wanafalsafa. Nimesoma pamoja na vijana kadhaa waliopita njia hiyo, na wengi waliyajua majina ya Parmenides, Aristotle na Kant kabla ya kulijua hata swali moja lililowahangaisha watu hao. Chagua swali moja, ukae nalo.

Ninalolipendekeza linatoka Ugiriki ya kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya makasia 30 ya shujaa Theseus, wakawa wanatoa ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema merikebu ni ileile, wengine wakakataa. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, alilizidisha ugumu swali hilo. Tuseme mtu aliziweka mbao zote zilizotolewa, akaziunga tena kwa mpangilio wake wa awali. Sasa merikebu ni mbili. Ya Theseus ni ipi?

Ninachosisitiza hapa, na naamini ndicho kiini cha somo zima, ni kwamba hakuna kipimo kitakachoyamaliza mabishano hayo. Hata tukijua umri wa kila ubao na siku ulipobadilishwa, swali linabaki palepale, kwa sababu halitafuti habari tuliyoikosa, bali linauliza ni nini kinachokifanya kitu kiendelee kuwa chenyewe. Mwanafunzi akilitambua hilo, ameshaielewa tofauti ya metafizikia na fizikia bila kukaririshwa fasili yoyote.

Kabla ya kusoma majibu ya wengine, andika la kwako, kisha lijaribu bila huruma. Ukisema merikebu ni mbao zake, basi ilikoma ubao wa kwanza ulipotolewa, jambo ambalo hakuna baharia atakayelikubali. Ukisema ni umbo lake, itakubidi ueleze kwa nini merikebu mbili zilizoundwa kwa umbo moja si merikebu moja. Na ukisema ni kubadilika polepole bila kukatika, eleza kwa nini saa iliyofumuliwa yote na fundi, kisha ikaunganishwa, bado ni saa yako. Hatua hii inachosha, nami sijaona anayeiruka akafika mbali.

Kisha uliza hilohilo juu ya mtu. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la 1694 la kitabu chake juu ya ufahamu wa binadamu, alisema kwamba kinachomfanya mtu awe yuleyule mbele ya sheria na mbele ya Mungu ni ufahamu wake wa matendo aliyoyatenda, yaani kuyakumbuka kama yake. Mwanafalsafa Mskoti Thomas Reid alimjibu mwaka 1785 kwa mfano wa jenerali anayekumbuka ushujaa wake wa ujanani akiwa ofisa, ilhali amesahau kabisa kuchapwa viboko utotoni, na ofisa yule alivikumbuka viboko hivyo. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye ofisa, na ofisa ndiye mtoto, lakini jenerali si mtoto. Mimi naona Reid alishinda, kwa maana ahadi haimwachii mtu kwa sababu tu ameisahau. Wasome wawili hao kwa kufuatana, kisha uandike ni nini, ikiwa si kumbukumbu, kinachomuunganisha jenerali yule na mtoto aliyechapwa.