Mteja akisema "nitakutafuta": maswali yenu ya kuuza kwa simu na mlangoni

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya aina moja: kumuuzia mtu asiyekujua. Kupiga namba ngeni, kubisha hodi kwenye geti ambalo hukualikwa. Kazi hiyo nimeifanya miaka 9 hapa Dodoma, kwanza mafuta ya alizeti kwenye madumu, baadaye karatasi za mashine za risiti na vifaa vya ofisi. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Dada, nauza sabuni ya maji kwa jumla, nipo Nkuhungu. Nikipiga simu na kusema tu "habari, naitwa fulani kutoka...", mtu anakata. Kwa siku napiga simu 40, wanaonisikiliza hawafiki 5. Nakosea wapi?

Nusu ya kosa si lako. Kila mwenye simu nchi hii ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ameshapigiwa na "huduma kwa wateja" wa uongo, na matapeli hao ndio waliotuletea namba 15040 ya kuwaripoti. Kwa hiyo namba ngeni ikiita, anayepokea amekunja uso kabla hujasema halo. Ukimwanza na sauti ya tangazo la redio, "habari za asubuhi mpendwa mteja", umejimaliza mwenyewe.

Nusu nyingine ni yako. Simu 40 kwa siku maana yake watu 40 usiowafahamu hata kidogo. Piga 10, lakini ziwe za watu ambao mahali pao umeshapaona. Mimi ningesema hivi: "Shikamoo mama. Jana nilikula wali maharage pale kwako Makole, nikaona mnaoshea vyombo kwa sabuni ya unga. Mimi natengeneza ya maji. Una dakika moja, au nipige wakishamaliza watu wa mchana?" Hilo swali la mwisho ndilo linalofanya kazi, maana mama amepewa nafasi ya kukukataa kwa sasa bila kukukataa moja kwa moja. Na kweli, mama lishe usimpigie kati ya saa 5 na saa 9. Hata kama anaitaka sabuni yako, mkono wake mmoja uko kwenye sufuria.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui: kuna wateja wanaojifanya wanakutumia hela ili tu waone jina lililosajiliwa, halafu wanaghairi. Kama umejitambulisha kwa jina lako na laini imesajiliwa kwa jina la shemeji yako, hapo umeshakuwa tapeli. Piga *106# uone laini zilizo kwenye kitambulisho chako, utumie mojawapo kuuzia.

Mteja amenisikiliza vizuri, akasema "sawa, nitakutafuta". Ni wiki ya tatu. Niendelee kusubiri?

Hapana. Na hili nitalizungumza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonila miaka miwili ya kwanza.

Sisi tuna aibu ya kumwambia mtu hapana usoni. Tumelelewa hivyo, na sioni ubaya wake mezani au msibani. Lakini kwenye biashara aibu hiyo inazaa maneno kama "nitakutafuta", "ngoja nijipange", "acha namba yako", "tutawasiliana", "Mungu akipenda". Mengi kati ya hayo ni hapana iliyovishwa kanga. Shida ni kwamba machache ni ya kweli. Yupo anayesema "ngoja nijipange" na kweli anasubiri mshahara. Ukikaa kimya hutajua yupi ni yupi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na daftari la watu 60 na zaidi walioniambia watanitafuta. Jioni nilikuwa nalihesabu kama mtu anayehesabu hela. Kwa kiburi cha daftari hilo nikachukua madumu 10 ya lita 20 kwa mali kauli, nikiamini yataisha ndani ya wiki. Sikupigiwa hata na mmoja. Madumu yalipanga foleni kwenye korido ya nyumba niliyopanga Chang'ombe, wapangaji wenzangu wanayaruka wakienda bafuni, na mwenye mali ananipigia kila siku saa 1 asubuhi. Huyo ndiye aliyekuwa ananitafuta kwelikweli.

Kilichonisaidia ni kuanza kuwafungulia watu mlango wa kutokea. Nikisikia "nitakutafuta", namuuliza papo hapo, kwa sauti ya chini: "Mama, nikuulize kama mwanao, na wala sitakasirika. Nikusubiri, au nisikusumbue tena?" Utashangaa. Wengi wanapumua. Mmoja atakwambia bei imezidi. Mwingine atasema mumewe ndiye anayenunua vitu vya nyumbani. Mwingine atakiri kwamba anayemletea mafuta ni shemeji yake, hawezi kumwacha. Huyu wa shemeji usishindane naye. Mwambie tu, "Siku akiishiwa, nipo." Wauza mafuta wote huishiwa.

Na anayesema anajipanga, mtajie siku: "Basi nikupigie tarehe 26?" Akiibadilisha mwenyewe, akasema "aa, 28 ndiyo nzuri", huyo ana nia, maana amefikiria hela yake inaingia lini. Akisema "wewe piga tu wakati wowote", mkate kwenye daftari. Mwenye nia mimi nampigia mara mbili baada ya hapo, si zaidi. Mara ya tatu unakuwa mdai wakati hana deni lako.

Natembeza mafuta ya alizeti nyumba kwa nyumba Ilazo na Kisasa. Akina mama wanasema ni ghali kuliko ya dukani, na wengine wanasema yamechanganywa. Niwaambieje?

Usiwaambie. Waonyeshe, na kabla ya hapo hakikisha wewe mwenyewe una uhakika. Nakupa aibu yangu.

Ilikuwa mwezi wa 7, ile baridi ya Dodoma inayofanya watu wavae makoti mpaka saa 4. Mama mmoja wa Ipagala alinimiminia mafuta yangu kidogo kiganjani mwake, akasugua, akanusa, akayaangalia kwenye jua. Hakusema kitu. Akaniomba chupa moja ya nusu lita nimwachie, nirudi kesho. Niliporudi asubuhi nikaikuta chupa ukutani, nje, alikoiweka usiku kucha. Chini ilikuwa imeganda nyeupe, nzito kama samli. Akaniuliza, "Mwanangu, alizeti inaganda hivi?" Alizeti ya kukamua inaweza kuwa na ukungu kidogo kwenye baridi, lakini vile haigandi. Aliyeniuzia alikuwa amechanganya mawese, na mimi niliyekuwa nikiapa milangoni "safi kabisa kutoka mashineni" sikuwa nimewahi kuisimamia mashine hiyo hata siku moja.

Nilimwambia ukweli: sikujua, na nimeona. Nikawarudia wale niliowauzia mtaani pale nikawarudishia hela zao, hasara ambayo nililipa kwa miezi minne. Baada ya hapo nikawa nanunua alizeti yenyewe, nakaa kwenye mashine mpaka inakamuliwa. Nikirudi kwa watu nilikuwa nabeba chupa mbili zilizolala nje usiku, moja ya kwangu, moja ya mawese. Sikuhitaji kuongea sana. Mama wa Ipagala akawa ananiitia majirani.

Kuhusu bei: mavuno ya alizeti yakishaingia, katikati ya mwaka, mafuta hushuka. Sema hivyo wazi badala ya kuapa kwamba bei yako haitabadilika. Na tembea na kipimo kidogo. Tarehe za ishirini na kitu mishahara ya serikali ikiingia, Kisasa watachukua lita 5. Tarehe 12 ni watu walewale, ila wanataka nusu lita, na kama huna nusu lita watakwambia... unajua watakachokwambia.

Nauza karatasi na wino wa printa. Nikienda Mtumba kwenye ofisi za serikali naishia kwa mlinzi. Kuna mbinu?

Mbinu ya kumpita mlinzi ipo, lakini ukishampita utakutana na ukuta mwingine ambao ni halali kabisa. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao NeST. Afisa ununuzi akikupenda namna gani, hawezi kununua rimu 200 kwa sababu umempendeza koridoni. Jisajili kwanza, ukiwa na TIN na leseni yako. Na kama mko vijana au wanawake kwenye kikundi, sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii.

Mguu wako bado una kazi, lakini si ya kuuza. Ni ya kuuliza: printa zenu ni za aina gani, wino gani unawasumbua kupatikana. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Anayekwenda kuuliza mwezi wa 3 anajulikana, anayekwenda mwezi wa 6 amekuta kila mtu ameshakunja jamvi.

Mlinzi naye msalimie kama mtu, si kama geti. Nilipata oda yangu ya kwanza ya ofisi binafsi kwa mlinzi aliyeniambia bosi huwa anakuja saa ngapi na siku gani ana hasira.

Mimi ni mgeni, nimetoka Dar es Salaam. Natembeza taa za sola vijiji vya Bahi. Watu wananikaribisha, wananipa kiti, wanacheka na mimi, hawanunui.

Kwanza, ulipita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji? Kama hukupita, wanacheka na wewe wakisubiri uondoke. Pili, jifunze kusema "mbukwenyi", salamu ya Wagogo, unapofika penye watu. Kigogo chako kikiwa kibovu ni sawa, watakurekebisha, na ukirekebishwa umeshakaa.

Ila kubwa ni kalenda. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Mwezi wa 2 mkulima yuko shambani na ghala linaisha, taa yako ataipenda bure. Rudi baada ya mavuno. Na usiende siku yoyote tu, uliza mnada wa kijiji ni lini. Siku ya mnada mtu ameuza mbuzi wake, ana hela mfukoni na bado hajafika nyumbani. Taa iwashe mchana ndani ya boksi la kadibodi, waite waingize kichwa.

Nina miaka 23, nauza vipodozi kwa simu. Wateja wanaume wananipigia usiku, na mmoja anasema atanunua katoni nzima nikimpelekea chumbani alikofikia. Nifanyeje bila kupoteza mauzo?

Mdogo wangu, hayo si mauzo. Usiende. Usimjibu kwa utani pia, maana utani anauhesabu kama ndiyo.

Kuwa na laini ya kazi, iwe na saa zake, saa 12 jioni unaizima. Mzigo wa mteja usiyemjua unakabidhiwa mahali penye watu au kwa bodaboda unayemwamini, hela ikiwa imeshaingia. Akiendelea, zuia namba na utunze meseji zake, kituo cha polisi kuna dawati la jinsia. Na kama una bosi anayekwambia "mvumilie, ni mteja mkubwa", nadhani unajua huyo bosi anauza nini.

Kuna jamaa ananiuzia orodha ya namba 3,000 za watu wa Dodoma. Ninunue?

Acha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Wenye namba hizo hawakukubali ziuzwe. Hata ukiiweka sheria pembeni, orodha hiyo wameshanunua wengine 20 kabla yako, utawapigia watu waliokwisha kuchoka.

Sauti inanitetemeka nikipiga simu. Nafanyaje?

Simama unapopiga, usikae. Andika sentensi mbili za kwanza tu kwenye karatasi, usiandike hotuba. Anza na simu tatu ambazo ukizikosa hutalia.

Utakosea tu. Mimi nilimwamkia mtu "shikamoo mama" mara nne mfululizo, nikamsifia na duka lake, kumbe ni mzee mwanaume mwenye sauti nyembamba. Akanyamaza, akaniuliza karatasi za risiti ni bei gani, akachukua katoni mbili. Nilipompelekea alinipokea na mkewe, wakasema, "Huyu hapa mama mwenyewe."