Rangi ya ekseli na uvungu wa gari: chukua epoksi

Kaka, umeuliza rangi ya kudumu kwenye ekseli na uvungu wa Hiace yako ya Kigamboni, maana ya mwaka jana imebanduka yote. Chukua epoksi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Rangi ya kawaida ya mafuta hulainika ikikaa na grisi au oili ya difu (gia za katikati ya ekseli). Epoksi iliyokomaa, yaani iliyokauka hadi ndani, inavumilia. Adui yake ni jua, huipausha ikawa kama chaki, na huko chini jua halifiki.

Ila nakusihi, hangaika na usafi kuliko kopo. Osha kwa maji ya bomba, si ya kisima cha chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na rangi huinuka malengelenge. Toa grisi yote kwanza, ndipo upige brashi ya waya na msasa. Angalia vishimo vya kutu kwa tochi: ukiona kahawia ndani, endelea kusugua. Kwenye mishono ya welding tangulia kupaka rangi kwa brashi ya mkono, hapo ndipo kutu huanzia. Ziba tundu la kupumulia la ekseli wakati wa kupaka tu. Raba za bushi, sili na diski za breki usizipake rangi.

Ile lami nzito ya kupuliza siipendi kabisa juu ya kutu. Ikipasuka, maji yanakaa humo, chuma kinaliwa huku juu panaonekana pazima.

Epoksi nyingi hukomaa kabisa kwa takriban siku 7, kwa hiyo usikimbilie kuingia kwenye madimbwi.